Kupinda Bomba Bila Kulibonyeza: Somo kwa Karakana za Nyumbani

Mzee mwenye magoti mabovu anapotaka kuinuka msalani hutafuta kwa mkono kitu cha kushika. Mara nyingi hukuta ukuta mtupu, au kitasa cha mlango, au bega la mjukuu aliyeitwa kwa haraka. Mama mjamzito, mtu aliyevunjika mguu na yule atembeaye kwa magongo nao huwa na haja iyo hiyo. Kishikio cha bomba kilichosimikwa vizuri kando ya choo au ngazi huwaondolea watu hawa shida kubwa, na mafundi wa kuchomelea wanaoweza kukitengeneza uani mwao ni wengi katika kata zetu.

Umbo la kishikio hicho ni sahili: miguu miwili iliyosimama na mkono mmoja wa juu unaoiunganisha. Ugumu uko kwenye pembe zake mbili. Fundi anayekata bomba na kuziunga pembe kwa kuchomelea huacha kona kali inayoumiza kiganja, pamoja na maungio ambayo kutu huyapata upesi. Fundi anayelipinda bila maandalizi hupata mbonyeo upande wa ndani wa pindo, na mahali hapo bomba huwa dhaifu kuliko kwingine kote. Kishikio chenye mbonyeo kinaweza kusimama miezi mingi bila kuonyesha kasoro, kisha kikakunjika siku ile mtu atakapokiegemea kwa uzito wake wote. Ndiyo maana tunalieleza jambo hili kwa kirefu: tao laini si urembo, ni usalama wa mtu.

Kwa nini bomba hubonyea

Bomba linapopindwa, ukuta wake wa nje huvutwa na kurefuka, na ukuta wa ndani husukumwa na kufupika. Katikati ya pande hizo mbili upo mstari usiorefuka wala kufupika sana. Ukuta wa nje unapovutwa hutaka kuingia ndani ya tao ili upate njia fupi; ukuta wa ndani unaposukumwa hutaka kujikunja. Bomba likiwa tupu, hakuna kinachowazuia. Duara hulala na kuwa yai, yai hulala zaidi, kisha ukuta wa ndani hukatika na kuingia kwa ghafla. Mbonyeo ukishatokea, nyundo hairudishi nguvu ya bomba, kwa kuwa chuma cha mahali hapo kimekwisha kunjwa.

Ukubwa wa tao ndio unaoamua kiasi cha mateso anayopata ukuta. Tuchukue bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 32. Likipindwa kwa tao ambalo nusu kipenyo chake, kikipimwa hadi katikati ya bomba, ni milimita 150, ukuta wa nje hurefuka kwa karibu asilimia 11. Likipindwa kwa tao la milimita 64 tu, ukuta huo hurefuka kwa asilimia 25. Kwa karakana isiyo na mashine, tao lisiwe dogo kuliko mara 4 ya kipenyo cha nje cha bomba; mara 5 ni bora zaidi.

Basi somo lote hili ni jambo moja: bomba hubonyea kwa sababu ukuta wake umeachwa peke yake. Upe ukuta huo egemeo kwa nje, egemeo kwa ndani, na tao lenye nafasi, nao utapinda kwa utulivu.

Kuchagua bomba

Kwa kishikio, chagua bomba jeusi la chuma lenye kipenyo cha nje cha milimita 32 na ukuta wa milimita 2. Kipenyo hicho hujaza kiganja vizuri, na ukuta huo una unene wa kustahimili kupindwa. Bomba la ukuta mwembamba ni rahisi kwa bei, lakini hubonyea upesi na huliwa na kutu mapema.

Usitegemee jina la dukani. Bomba la maji liitwalo la inchi 1 lina kipenyo cha nje cha karibu milimita 33.7, kwa kuwa jina hilo halihesabu ukuta. Pima mwenyewe kabla ya kuchonga chochote.

Mabomba mengi yana mshono wa kiwandani unaokwenda kwa urefu wake wote. Utafute kwa kidole au kwa mwanga, uuwekee alama ya chaki. Wakati wa kupinda, mshono usikae upande wa nje wa tao wala wa ndani. Ukae ubavuni, pale ambapo chuma hakivutwi wala kusukumwa sana. Bomba likilazwa mezani, maana yake ni kwamba mshono utazame juu.

Hesabu ya urefu

Fundi wengi hupima kishikio kana kwamba pembe zake ni kali, kisha hushangaa miguu inapozidi. Tao hukata kona, hivyo hula bomba kidogo. Urefu wa tao la nyuzi 90 hupatikana kwa kuzidisha nusu kipenyo kwa 3.14, kisha kugawanya kwa 2. Kwa tao letu la milimita 150, jibu ni milimita 235.5, tuseme 236.

Kishikio chetu kiwe na kimo cha milimita 800 kutoka sakafuni, upana wa milimita 600 kati ya mguu na mguu, na milimita 400 za kila mguu zizikwe katika zege. Vipimo hivi vyote vinachukuliwa katikati ya bomba. Sehemu iliyonyooka ya kila mguu itakuwa 800 kutoa 150, kujumlisha 400, yaani milimita 1,050. Sehemu iliyonyooka ya juu itakuwa 600 kutoa 150 mara mbili, yaani 300. Jumla ya miguu miwili, matao mawili na sehemu ya juu ni milimita 2,872. Kwa hesabu ya pembe kali ungekata milimita 3,000.

Weka alama bombani kuanzia ncha moja: tao la kwanza lianze milimita 1,050 na kuishia 1,286, tao la pili lianze 1,586 na kuishia 1,822, kisha ncha ya pili iwe 2,872. Bomba likiwa na urefu kamili wa mita 6, utapata vishikio viwili, na kipande kinachobaki kitatoa vijiti vinne vya milimita 60. Vijiti hivyo vichomelee kwa kukingama karibu na ncha za miguu, ili zege livikamate na kishikio kisizunguke wala kung'oka.

Kutengeneza kalibu

Kalibu ndiyo egemeo la nje. Chukua mbao ngumu mbili zenye unene wa milimita 25 kila moja, uzikate nusu duara lenye nusu kipenyo cha milimita 150. Nusu duara inafaa kuliko robo, kwa sababu utahitaji kupinda kupita nyuzi 90 kidogo. Chonga ukingo mmoja wa kila ubao kwa tupa ya mbao hadi zikiunganishwa zifanye mfereji wa nusu duara wenye kina cha milimita 16, sawa na nusu ya bomba. Zifunge kwa gundi na bolti tatu. Jaribu kwa kipande cha bomba: kikae ndani ya mfereji bila kucheza na bila kubanwa.

Mfereji huo ndio unaozuia mbavu za bomba zisitanuke. Fundi anayepinda juu ya gogo bapa, au kati ya misumari miwili, hulipa bomba sehemu moja ya kuumia badala ya tao zima la kupumzikia.

Ifunge kalibu imara juu ya meza nzito. Pale mfereji unapoanza, weka kishikizo cha chuma chenye bolti mbili kitakacholibana bomba lisiteleze, na ubao mwembamba ukae kati ya chuma na bomba ili kuzuia michubuko.

Mchanga ndani ya bomba

Egemeo la ndani ni mchanga. Bomba letu linahitaji mchanga usiozidi lita 2. Uwe laini, umechekechwa, usiwe na udongo wala mizizi, na uwe umekauka kabisa. Uanike juani, kisha uukaange katika karai huku ukiukoroga. Ili kujua kama umekauka, shika mfuniko baridi wa sufuria juu yake: mfuniko ukitoa jasho, endelea kukaanga. Uache upoe.

Ziba ncha moja ya bomba kwa kizibo cha mti mgumu, kilichochongwa kwa mteremko na kugongwa kwa nguvu. Simamisha bomba, mimina mchanga kidogo kidogo, na kila baada ya kumimina gonga ubavu wa bomba kwa nyundo ya mti kuanzia chini kwenda juu. Utauona mchanga ukishuka. Ongeza na ugonge tena hadi usishuke. Kazi hii ikifanywa kwa haki huchukua muda mrefu kuliko kupinda kwenyewe. Mchanga uliolegea hukimbia pale ukuta unapousukuma, na bomba hubonyea kana kwamba lilikuwa tupu. Mwisho ziba ncha ya pili, kizibo kikiusindilia mchanga.

Kupinda bila moto

Kwa bomba na tao tulilolieleza, moto hauhitajiki. Laza bomba, mshono ukitazama juu, alama ya 1,050 ikiwa hasa pale mfereji unapoanza. Kaza kishikizo. Shika bomba mbali na kalibu iwezekanavyo, kwa kuwa urefu ndio nyenzo yako, kisha vuta kwa mwendo mmoja wa polepole, bomba likilala ndani ya mfereji hatua kwa hatua. Watu wawili wavute pamoja bila kushtua. Kila baada ya nyuzi 20 hivi simama, utazame upande wa ndani wa tao. Ukiona kiwimbi chochote, acha. Kiwimbi ni onyo kwamba mchanga umelegea au kalibu haikamati.

Chuma hurudi nyuma kidogo kinapoachiliwa. Kwa hiyo pinda hadi kama nyuzi 93, achia, kisha upime kwa skwea. Kama limerudi mno, ongeza nyuzi moja au mbili. Ni rahisi kuongeza kuliko kulinyoosha bomba lililopita kiasi. Andika ubaoni ni nyuzi ngapi zilizohitajika, maana bomba la fungu lile lile litarudi kwa kiasi kile kile.

Kabla ya tao la pili, hakikisha mguu uliokwisha pindwa umelala sawa na meza. Ukiinuka hata kidogo, matao mawili hayatakuwa katika uso mmoja, na kishikio kitasimama kimejisokota. Panga vipande vya mbao vya unene sawa chini ya mguu huo, kisha anza tao la pili kwenye alama ya 1,586.

Pale moto unapohitajika

Yapo matao ambayo hayapatikani bila moto, hasa bomba linapokuwa nene au tao linapokuwa dogo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nacho chuma hukunjwa kingali chekundu. Pasha urefu wote wa tao pamoja na vidole viwili zaidi kila upande, ukilizungusha bomba ili wekundu uenee sawasawa. Pinda likiwa na rangi ya kaa la moto. Lisifike rangi ya njano. Wekundu ukififia, rudisha motoni. Likisha pindwa, liache lipoe lenyewe, wala usilimwagie maji. Kalibu ya mbao itaungua, kwa hiyo kazi hii hutaka kalibu ya chuma.

Hatari tatu za moto zifahamike vema kabla ya kuwasha mkaa.

Ya kwanza ni unyevu. Kijiko kimoja cha chai cha maji, yaani mililita 5, kikigeuka mvuke hudai nafasi ya zaidi ya lita 8. Bomba letu lote halina ujazo wa lita 2, nao umejaa mchanga. Mvuke huo ukikosa njia hukitupa kizibo kama risasi, pamoja na mchanga wa moto. Mchanga uwe mkavu bila shaka yoyote. Kila kizibo kitobolewe tundu dogo la kupumulia. Na asisimame mtu yeyote mbele ya ncha za bomba.

Ya pili ni moshi wa zinki. Bomba la gavanaizi limepakwa zinki, na likipashwa moto mkali hutoa moshi mweupe. Anayeuvuta huweza kujisikia salama wakati wa kazi, kisha saa kadhaa baadaye akapatwa na homa, baridi, maumivu ya misuli, kikohozi na ladha ya chuma mdomoni. Ni rahisi kudhani ni malaria. Nenda zahanati upimwe, na umweleze mhudumu kazi uliyoifanya siku hiyo. Desturi ya kunywa maziwa kabla au baada ya kuchomelea haiyalindi mapafu, kwa kuwa maziwa huenda tumboni. Bomba la gavanaizi lipindwe bila moto. Likilazimu kuchomelewa, kwanza liondolewe zinki mahali pa kuchomelea, na kazi ifanyike penye hewa inayopita. Vilevile usipashe moto bomba lolote la zamani lililowahi kubeba mafuta au gesi.

Ya tatu ni ya watoto. Chuma kilichopoteza wekundu si chuma kilichopoa. Huonekana cheusi na kitulivu huku kikiweza kuunguza mkono hadi mfupani. Karakana ya uani iwe na uzio hata wa kamba, na bomba la moto liachwe mahali palipoandikwa kwa chaki. Mtu akiungua, mwagia jeraha maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha umpeleke kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, majivu wala mafuta.

Kukagua na kusimika

Toa vizibo, gonga bomba hadi mchanga wote utoke. Pitisha kiganja polepole upande wa ndani wa kila tao. Kiganja hugundua wimbi ambalo jicho hulikosa. Kisha pima kipenyo katikati ya tao kwa pande mbili. Likitoka milimita 32 na kuwa 30 upande mmoja, linafaa. Likiwa na mbonyeo wenye ukingo unaohisika kwa kucha, lisitumike kwa kubeba mtu. Bomba hilo si hasara tupu: sehemu zake zilizonyooka zitafaa kwa kazi nyingine. Hasara ni kulipaka rangi na kulisimika.

Chomelea vijiti vya kukingama, ziba ncha za miguu, kwangua kutu, kisha paka rangi ya kuzuia kutu na rangi ya juu. Chimba mashimo mawili, simamisha kishikio kwa pima maji, na ujaze zege la saruji sehemu 1, mchanga 2 na kokoto 4. Uso wa zege uwe na mteremko kutoka kwenye bomba, ili maji yasituame pale ambapo miguu huoza kwanza. Limwagilie zege kwa siku 7, na kishikio kisiegemewe katika siku hizo. Kabla ya kumkabidhi mwenyewe, watu wazima wawili wakivute kwa nguvu kila upande. Kikitikisika, kazi haijaisha.

Kimo cha milimita 800 ni cha kuanzia tu. Muite atakayekitumia, aketi na kuinuka mbele yako, uone mkono wake unaishia wapi. Kipimo chake ndicho kiwe kipimo cha kazi.

Mahali pa kupata msaada

Mkazi anayetaka kujifunza zaidi anaweza kuuliza mafunzo ya uchomeleaji na utengenezaji wa vyuma katika vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kwa ushauri wa vifaa na uendeshaji wa karakana ndogo, lipo Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973.

Kwa upande wa mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wenye jiriwa, mashine ya kuchomelea na kalibu kadhaa za mbao kinaweza kutengeneza vishikio, vitanda na magongo kwa ajili ya majirani zao. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kuonwa kwanza. Atakueleza masharti na namna ya kusajili kikundi.

Anayeanza na aanze na kipande kibovu cha bomba, lita 2 za mchanga mkavu na kalibu moja. Aharibu mawili au matatu kwenye meza yake mwenyewe, hadi kiganja kipite juu ya tao bila kukwama. Hapo atakuwa tayari kutengeneza kishikio ambacho mtu mwingine atakikabidhi uzito wake wote.